Golfu kando ya Nile sawa, ila ukingo uachwe

Mhariri, salamu kutoka Jinja, Uganda. Huku mtaani siku hizi stori ni hizi estate za golfu kando ya mto, nyumba zimezunguka uwanja, balkoni zote zinatazama maji. Mi sipingi, kazi zitapatikana, lakini wanaochora ramani waanze na mto, nyumba baadaye. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kutoka ukingo wa Nile, sasa ukichora shimo la 7 likaribie kuingia majini hiyo ni nini jamani? Afu mbolea, nyasi za golfu zinakula mbolea kweli kweli, mvua ikinyesha yote inashuka mtoni na magugu maji yanashangilia, bora hapo katikati ya uwanja na mto waache mafunjo na matete yachuje maji. Na wavuvi wapite wapi? Njia yao ichorwe kabisa, si kusubiri geti na askari. Viboko nao wasisahaulike, usiku wanatoka kula nyasi, na uwanja wa zamani hapa Jinja unajulikana kwa sheria yake, mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko unauokota bila adhabu.

Mkazi wa Jinja