Beberu mweusi na kikombe cha fedha

Lynn, Massachusetts, Marekani

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mwamkie Mama, na Bibi mpe shikamoo yangu ya kupiga magoti. Hela ya mbolea nimeituma kwenye simu ya mjomba.

Eti filamu ya *The Witch* uliizima mapema kwa sababu "hakuna kinachotokea"! Dogo, irudie. Kichanga kinatoweka mwanzoni kabisa. Dada yake, Thomasin, anacheza naye, anajifunika uso, anajifunua, na pale alipolala hayupo. Baada ya hapo ni familia moja ya Waingereza, miaka ya 1630, iliyofukuzwa kijijini kwa ubishi wa dini, ikajenga ukingoni mwa msitu. Mahindi yanaoza, mitego haikamati kitu. Mwongozaji, Robert Eggers, hana haraka: anakuacha uwasikilize wakisali na kugombana, na mengi ya maneno yao ameyachota kwenye maandishi ya wakati ule.

Kinachonitisha mimi ni kikombe cha fedha. Baba yake Thomasin amekiuza kwa siri apate vifaa vya kuwindia. Mama anamshuku Thomasin, na baba yupo palepale, kimya. Tena kuna pale binti anapomtania mdogo wake, "Mimi ndiye mchawi," ili amnyamazishe tu, na utani huo unakuja kumgeuka. Kwetu Usukuma unayajua haya. Bibi wa watu anapikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote, macho yanakuwa mekundu kwa moshi, halafu jirani anafiwa na mtoto na watu wanaanza kuyatazama macho yale. Vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo?

Filamu ilipigwa Kanada, lakini hadithi ni ya huku nilipo. Salem ni mji jirani. Mwaka 1692 walinyongwa watu 19 kwa tuhuma za uchawi, na mzee Giles Corey akarundikiwa mawe mpaka akafa. Dorothy Good, mtoto wa miaka minne hivi, alifungwa minyororo gerezani. Siku hizi gari za polisi wa Salem zina picha ya mchawi juu ya ufagio, na ikifika Oktoba mji hauna pa kukanyaga kwa watalii. Mimi picha ile siizoei.

Ndiyo maana nagombana na Eggers. Kwake mchawi yupo kweli msituni, tunaonyeshwa mapema, na yule beberu mweusi, Black Phillip, anakuja kusema (samahani, nimekumalizia uhondo). Najua amesimulia kama wenyewe walivyoamini, na hofu yote ya filamu imetoka humo. Kwa ufundi, simpingi. Lakini Salem hakukuwa na mchawi hata mmoja. Kulikuwa na majirani.

Itazame mpaka mwisho, uniambie kama ungekuwa Thomasin ungefanya tofauti. Mimi nadhani nisingefanya. Na usimwekee Bibi: atakesha akiuliza beberu wetu kafungwa wapi.

Kaka yako