Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Risala yetu inahusu viashiria vya mazingira, yaani vitu vinavyotuonyesha hali ya mazingira: namna ya kuvipima, na namna ya kuvifanyia kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1958 mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo gesi hiyo ilikuwa takriban sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Leo zimepita 420. Tofauti hiyo inaaminika kwa sababu vipimo vimeendelea palepale, mwaka baada ya mwaka.

Kipimamvua cha shule nacho kinadai nidhamu hiyohiyo. Kikae mahali pa wazi. Ukuta au mti uliopo karibu uwe mbali nacho angalau mara mbili ya urefu wa ukuta au mti huo. Kisomwe saa 3 asubuhi kila siku. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba. Glasi ya kupimia ikivunjika, isiwekwe nyingine yoyote ile badala yake, kwani mistari yake huchorwa kulingana na upana wa mdomo wa kipimamvua husika. Kipimajoto kiwe ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa, takriban mita 1.5 kutoka ardhini. Kikitundikwa ukutani, kinapima ukuta.

Makosa mabaya zaidi hufanyika daftarini. Jumapili hakuna aliyefika, Jumatatu mtu anaijazia sifuri. Sifuri maana yake mvua haikunyesha! Siku isiyopimwa ipigwe mstari, na maji yaliyokutwa yaandikwe kuwa ni ya siku 2.

Tarehe ya ua la kwanza la mti nayo ni kiashiria, mradi mti uwe uleule kila mwaka. Mti unaomwagiliwa haufai: unamfuata mwenye ndoo.

Kuhusu hatua za kuchukua, kikomo, yaani kiwango cha kipimo kinachotutaka tuchukue hatua, kikubaliwe kabla ya msimu. Kanuni moja ya kupanda husema: mvua ifike milimita 20 ndani ya siku 3, kisha katika siku 30 zinazofuata kusiwe na ukavu wa siku 10 mfululizo. Sharti la pili halionekani siku ya kupanda, ndiyo maana daftari lazima lisomwe pamoja na utabiri. Wala mwaka mmoja mkavu si ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30, na wa sasa ni wa 1991 hadi 2020.

Mheshimiwa, maombi yetu ni mawili: kipimajoto cha kuonyesha joto la juu na la chini la siku, na posho ya mlinzi atakayesoma vipimo wakati wa likizo, ambapo kumbukumbu za vipimo za shule nyingi hukatika.

Tunaomba kuwasilisha.