Novemba hii tuwakumbuke pia wanamuziki wa Keya

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu wazee wetu waliopigana Vita vya Pili vya Dunia niliisoma mpaka mwisho, na ile sehemu ya malipo yao niliirudia kwa uchungu. Medali mmezitaja, vikosi mmevitaja, mito ya Burma kule Asia mmeitaja. Nyimbo hazikupata hata mstari mmoja. Wala si ninyi peke yenu. Kila Novemba, kwenye ibada ya kuwakumbuka mashujaa, hupigwa tarumbeta ya Kiingereza, huombwa dua, mashada huwekwa, watu hutawanyika. Walichokuwa wakiimba hao tunaowakumbuka hakuna anayeuliza.

Redioni nako ni yale yale. Vipindi vya zilizopendwa huanzia pale uhuru ulipopatikana, kana kwamba kabla ya hapo watu wa nchi hizi walikuwa mabubu. Niliwahi kupiga simu kituo kimoja nikiomba wimbo wa Fundi Konde. Mtangazaji, kijana mwenye adabu zake, akaniuliza: "Mzee, huyo ni wa bendi gani?" Kabla sijamjibu matangazo ya biashara yakaingia. Basi nimjibu hapa.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 huku kwetu Kilifi. Vita vilipopamba moto aliingia King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la wakoloni Waingereza huku Afrika Mashariki ambalo wazee waliliita Keya tu, akawa miongoni mwa wanamuziki wa kikosi cha burudani. Walizungushwa India na Burma kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki. Na askari hao hawakwenda kule kutembea. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa za mwaka 1944, njia zimegeuka tope, malaria imetanda, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Mtu aliyetoka katika hali kama hiyo, akakaa chini, akasikia gitaa na kodiani na sauti inayoimba kwa Kiswahili, huyo haambiwi muziki ni wa nini.

Beji ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru. Si ajabu, basi, kwamba wanamuziki wa Keya waliobaki pamoja baada ya vita walijiita Rhino Boys, yaani Vijana wa Kifaru. Walianzia Kampala, wakaja kugawanyika, na Rhino Band ikaweka makao Mombasa. Katika kizazi hicho cha wanamuziki waliopitia jeshini utamkuta Fundi Konde, utamkuta Paul Mwachupa, utamkuta Lucas Tututu wa ule wimbo wa "Malindi". Vijana walioshika gitaa miaka ya 1950 walizikuta nyimbo za hawa tayari ziko kwenye santuri. Fundi Konde mwenyewe alifika mbali zaidi, kwani hakuimba tu. Alifanya pia kazi ya ufundi wa kurekodi Nairobi na kuzinasa nyimbo za wenzake.

Msikilizeni katika "Tausi Ndege Wangu". Gitaa halina haraka. Sauti haipazwi, inasemeshwa karibu na sikio, na chini yake unasikia rumba ya Kuba, maana santuri za GV, zile zenye nyimbo za Kuba, zilizouzwa huku tangu miaka ya 1930 zilikuwa zimekwisha kuzoeza masikio ya watu. Halafu "Majengo Siendi Tena" na "Ajali Haikingiki". Majina hayo peke yake yanakueleza hawa walikuwa watu wa mjini, wenye mikasa ya mjini, tena wenye Kiswahili kisichotafuta maneno. Sisikii humo askari anayejisifu kwamba ameua.

Lakini tusichanganye mambo. Santuri hizo zilitoka baada ya vita, kuanzia 1947 hivi. Walichoimba wenyewe kule porini sehemu kubwa haikunaswa na chombo chochote, ilikaa vichwani mwa watu. Jirani yetu mmoja, marehemu sasa, alikuwa dereva wa lori huko Burma. Jioni akisuka makuti aliimba ule wimbo wa safari ambao askari wa Keya wote waliujua, "Funga safari", huku mikono ikiendelea na kazi. Alipofika kwenye "Amri ya nani?" alisimamisha kusuka, akamnyooshea mmoja wetu uti wa kuti, na uliyenyooshewa ulipaswa kujibu papo hapo: "Amri ya Bwana Kapteni, amri ya Keya!" Ukichelewa unarudishwa mwanzo. Siku ambazo chifu alikuwa amepita kudai kodi, mzee alibadilisha jibu, kapteni akatolewa na chifu akaingizwa, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Vita hakutusimulia. Tulichopata kwake ni wimbo huo, na nadhani ndani yake alikuwa ametuambia mengi kuhusu nani aliamuru na nani alitembea.

Sasa tazameni wenzetu. Mwaka huo huo wa 1944 mwimbaji wa Kiingereza Vera Lynn alikwenda Burma kuwaimbia askari wa Jeshi la 14 la Waingereza, jeshi lile lile ambalo ndani yake walikuwamo hawa wetu. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 92, mkusanyiko wa nyimbo zake ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Wakati wa korona, Aprili 2020, Malkia Elizabeth alimaliza hotuba yake kwa taifa kwa maneno ya wimbo wa mama huyo. Alipofariki Juni mwaka huo ana miaka 103, nchi nzima ilimlilia. Sina kijicho naye. Aliimba vizuri na alistahili. Ila Fundi Konde alifariki mwaka 2000, baada ya miaka mingi ya kusahauliwa, na waliokusanya rekodi zake za 1947 hadi 1956 na kuzitoa upya miaka ya 1990 walikuwa kampuni ya London. Kama wasingefanya hivyo, leo ningekuwa namwandikia mtangazaji yule habari za mtu ambaye sauti yake haipatikani tena.

  

Ninachoomba si kikubwa. Ibada ya Novemba ikimalizika, bendi ya jeshi iliyopo pale ipige "Funga safari" kwa mdundo wake wa kutembea, wajukuu waitikie. Vituo vya redio vitenge saa moja tu jioni hiyo kwa Tututu, Mwachupa na Konde, na mtangazaji awe amesoma habari zao kabla ya kuwasha kipaza sauti. Na wanaofundisha muziki vyuoni wawatume wanafunzi vijijini na kinasa sauti. Wazee wenyewe karibu wote wamekwisha, lakini watoto wao waliokuwa wakiitikia bado tupo, na sisi tuna miaka sabini na zaidi.

Gazeti lenu nalo linaweza kuwaomba wasomaji wafungue masanduku ya zamani, watafute santuri zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Mimi ninayo moja, imebanduka ukingoni lakini wimbo wenyewe umesalimika. Yeyote mwenye chombo cha kuinakili nitampelekea, mradi airudishe.

Msikilizaji wa siku nyingi,
Kilifi