Figo mpya ina vidonge vyake, mbona hamviandiki?

Mhariri,

Tangu hospitali ya Mulago wapandikize figo ya kwanza Desemba 2023 nyie mnapenda habari za upasuaji tu, picha ya madaktari, mgonjwa anacheka, basi. Shemeji yangu alipandikizwa India kabla ya hapo na mimi ndo namfatilia dawa zake, acha niseme kidogo.

Zile dawa za kuzuia mwili usiikatae figo ni za maisha. Mojawapo, takrolimasi, inatetemesha mikono mpaka chai inamwagikia kwenye kisosi, inapandisha presha na sukari, nyingine, predinisoloni, inavimbisha uso, sasa kila harusi utasikia "eeh shemeji umenawiri, India imekukubali!" kumbe ni dawa. Wapo wanaopunguza vidonge kimyakimya sababu ya maneno hayohayo, au sababu ile nyingine, mikofenoleti, inawaharisha, na figo inaweza kuharibika bila kuuma popote mpaka kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, ipimwe. Jamani mwambieni daktari, yeye ndo anajua dozi ipi ishuke na ipi isiguswe.

Halafu kuna sisi majirani, na hawa wa famasi. Mtu akisema ana homa huyu kaleta mululuza, yale majani machungu, yule kamuuzia diklofenaki ya maumivu au antibiotiki ya eritromaisini bila kumuuliza chochote, na hiyo eritromaisini inapandisha takrolimasi kwenye damu mpaka inaigeuka figo yenyewe. Rifampisini ya TB inafanya kinyume, inaishusha. Balungi pia aliache. Hata chanjo ya homa ya manjano, ile ya kadi wanayoulizia uwanja wa ndege Entebbe, ina virusi hai, haimfai, aombe barua ya daktari. Na homa kwake sio ya kulala nayo, ni hospitali siku hiyohiyo.

Waislamu wenzangu tuna la Ramadhani. Takrolimasi ya kawaida ni mara mbili, kila baada ya saa 12, na mfungo wetu huku unapita saa 13, kwa hiyo ukisema daku na futari hesabu haikai. Ipo ya kumeza mara moja kwa siku, ila kuhamia huko lazima daktari akubali na damu ipimwe tena, sasa mtu anaenda kuuliza mwezi umeshaandama! Uliza Shaabani, na akikukataza kufunga, mgonjwa ana ruhusa yake.

Ombi langu mhariri, mtafuteni daktari wa figo mmoja mumpe hata nusu ukurasa ajibu maswali ya wasomaji, aanze na hao wa famasi.

Msomaji wenu,
Kisenyi, Kampala