Kabla ya kunionyesha picha, niambie gitaa utalipigia wapi

Wiki mbili zilizopita kaka mmoja alisimama mlangoni kwangu, begi la gitaa begani, akasema kwa sauti iliyomfikia hata mama muuza chai wa upande wa pili wa barabara: "Fundi, umenipiga."

Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia neno hilo, na kila mara chanzo ni kilekile. Ndiyo maana nimeamua kuandika, ili anayefikiria kuagiza akitopu, yaani gitaa lenye uso wa mbele uliobinuka kama wa fidla, kwangu hapa Tabora asome kwanza, kisha aje tuzungumze.

Gitaa lile nilimkabidhi mwezi wa tatu. Upana inchi 17, kifua (uso wa mbele) cha sprusi, mbao nyepesi ya nchi za baridi, cha kuchongwa, mgongo wa mninga, pikapu mbili, yaani vinasa sauti vya sumaku, zilizokatiwa nafasi palepale kifuani. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Likichomekwa kwenye spika za ukumbini linanguruma kabla hajagusa uzi. Akipunguza sauti, kinanda na ngoma vinamfunika. Alishajaza matambara kwenye matundu ya herufi f, na bado halikutulia. Shilingi milioni 3 na laki 6, halafu gitaa linajazwa matambara kama mto! Hata mimi iliniuma.

Nikampa kiti, nikafungua daftari la oda. Swali langu la kwanza kwa kila mteja ni: utalipigia wapi? Yeye alijibu "popote," kisha akanionyesha kwenye simu picha ya gitaa alilolipenda. Kosa langu ni kwamba nililikubali jibu hilo. Nilipaswa kuacha ubao pale ulipo mpaka anipe jibu lenye mahali ndani yake.

Akitopu ilizaliwa kabla ya spika. Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alipata hataza mwaka 1898 kwa mandolini aliyoichonga badala ya kukunja mbao bapa, akifuata njia ya mafundi wa fidla. Miaka ya 1920 kampuni yenye jina lake ikatoa L-5 yenye matundu ya f, na mwaka 1934 ikafika inchi 18 kwa gitaa la Super 400, ambalo lilibeba bei yake kwenye jina: dola 400, wakati Wamarekani wengi hawana hata kazi. (Wanaoniambia bei zangu ni za kuzimu wakumbuke hilo.) Upana wote huo ulikuwa na kazi moja, kumfanya mpiga gitaa asikike katikati ya tarumbeta na saksofoni bila umeme. Kifua kikawa kipana na chepesi ili kitikisike kwa urahisi.

Sasa chukua kifua hicho chepesi ukiweke mita mbili mbele ya spika ya inchi 15. Spika inakitikisa kifua, pikapu inaunasa mtikisiko huo, inaurudisha kwenye spika, na spika inakitikisa tena kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo fidibaki. Gitaa halina ubovu wowote, linafanya kazi liliyotengenezewa, ila mahali siyo pake. Wenye kampuni walilijua tatizo hilo zamani. ES-175 ya mwaka 1949 ina upana wa inchi 16, na kifua chake ni cha mbao za tabaka zilizogandishwa na kukandamizwa, kigumu kuliko cha kuchongwa. Bila umeme sauti yake ni ndogo, lakini mbele ya spika inavumilia.

Kwa hiyo ukiniambia unapiga na bendi yenye ngoma na besi, nitakushauri inchi 16 au hata 15, mbavu nyembamba, kifua cha tabaka au cha kuchongwa kilichoachwa kinene kidogo, na pikapu iliyofungwa kifuani. Ukiniambia unapiga nyumbani, au kwaya ndogo yenye maikrofoni moja mbele, hapo inchi 17 ya kuchongwa ni halali yako. Nayo nitaiwekea pikapu ya kuelea, inayoshikwa mwisho wa shingo bila kugusa kifua. Kila tundu unalokata kwenye kifua cha kuchongwa, na kila kipande cha chuma unachokifunga juu yake, unakiondolea sauti uliyolipia.

Ndiyo, uliyoilipia, kwa sababu ghali yenyewe iko hapo kwenye kuchonga. Naanza na vipande viwili vya sprusi vilivyopasuliwa kutoka gogo moja, unene wa milimita 25 hivi katikati. Nikimaliza, katikati pamebaki milimita 6 au 7, na karibu na ukingo 3 au 4. Ni siku tisa za patasi, randa ndogo na kugonga kwa kidole huku nasikiliza, halafu mgongo nao unasubiri zamu yake. Kuna mteja aliyeangalia maranda yaliyojaa sakafuni akaniuliza kama nitampunguzia bei, kwa kuwa mbao nyingi nimezitupa. Maranda yale ndiyo kazi aliyoilipia. Sprusi haioti Tanzania, naiagiza nje na kuilipia usafiri na ushuru, na kipande kikipasuka mkononi mwangu hasara ni yangu.

Mgongo na shingo ni jambo jingine, hapo tumebarikiwa. Mninga wa misitu yetu hunywea kidogo sana ukikauka, ndiyo maana mafundi wa milango na vitanda wanaugombania, nami naupenda kuliko mepo, mbao ngumu ya Ulaya, kwa hali ya hewa ya huku, ingawa vumbi lake linakereketa pua na siwezi kuuchonga bila barakoa. Ubao wa vidole na daraja naweka mpingo. Unamaliza makali ya patasi asubuhi moja, lakini freti, vile vipande vya chuma vya kukanyagia nyuzi, zilizopigwa kwenye mpingo hazichezi.

Na hapa ndipo njia ya mkato inayowagharimu wengi. Mteja mmoja kutoka Urambo alikuja na ubao wake wa mninga ili nimpunguzie bei, akaniapia umekaa miaka miwili. Nikaupima kwa kipimo cha unyevu, ukasoma asilimia 19. Mimi sichongi kitu kilichozidi 10. Nikamwomba auache kwangu ukauke pole pole mwaka mmoja, bila malipo ya kuutunza. Alikataa, akampelekea fundi mwingine aliyemtengenezea mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto. Mwezi wa tisa, ukame ulipoiva, mgongo ukapasuka kutoka shingoni mpaka mkiani, na ufa ule ndio ulioletwa kwangu. Kuuziba, kuutia viraka vya ndani na kurudisha rangi kulimgharimu zaidi ya kile alichookoa, na alama inaonekana mpaka leo. Halafu mbao isiyo na kibali cha TFS, wakala wa huduma za misitu, siipokei hata kama ni kavu kama mfupa, tafadhali tusisumbuane.

Ubao hupanuka na kunywea kwa upana wake, kwa urefu karibu haubadiliki. Tabora tuna mvua Novemba mpaka Aprili, kisha ukavu unaozidi kadiri Oktoba inavyokaribia. Kifua kikigandishwa kikiwa kimenyonya unyevu, kitanywea huku mbavu zimekishika, na mahali pa kwenda hakina ila kupasuka. Kwa hiyo kuunganisha nafanya kwenye chumba kidogo chenye balbu, unyevu wa hewa ukisoma kati ya asilimia 45 na 50. Umeme ukikatika siku mbili wakati wa masika, siungi kitu, na mteja anayenipigia simu kila jioni kuuliza "bado?" naomba anielewe.

Kuna mwalimu niliyemtumia gitaa Kigoma kwa treni. Kule ziwani hewa ni nzito, na baada ya wiki tatu kifua kilikuwa kimeinuka kidogo na nyuzi zikapanda. Akasoma karatasi niliyoibandika ndani ya begi, akazungusha magurudumu mawili madogo ya daraja, nyuzi zikarudi chini. Ndiyo sababu sikubali kugandisha daraja kifuani, hata mteja akiniambia linamsumbua kwa kuwa linasogea anapobadilisha nyuzi. Badilisha uzi mmoja mmoja, halitasogea.

Urefu wa uzi kutoka nati, kile kipande chenye mifereji juu ya shingo, hadi daraja nauchagua kwa kuangalia mkono wako wa kulia. Inchi 25 na nusu huvuta nyuzi kwa nguvu zaidi na hutoa mlio wa wazi, unaofaa ridhim. Inchi 24 na robo tatu ni laini kwa anayepiga solo ndefu. Mji huu ulilea bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids, na wapo wazee wanaonijia wakitaka ridhim inayosikika bila kuchomeka waya. Wao nawapa mfano wa Freddie Green, aliyepiga ridhim kwenye bendi ya Count Basie tangu 1937 hadi kifo chake 1987, nyuzi nene zikiwa juu sana, bila spika. Ukitaka sauti hiyo ukubali na ugumu wake vidoleni. Anayetaka nyuzi nyembamba, ziguse freti kama nyoya, na bado zisikike ukumbi mzima bila umeme, hilo sina namna ya kulitengeneza.

Kuhusu mng'ao. Wengi wanataka king'ae kama kabati la sebuleni, tabaka sita za sila na laka juu yake. Kifua cha milimita 4 ukikivika koti hilo kinanyamaza. Mimi napaka shelaki, vanishi ya utomvu wa wadudu, kwa kitambaa, tabaka nyembamba sana, wiki tatu za kupaka na kusubiri. Ina mng'ao wa utulivu, na ikikwaruzwa naitengeneza bila kuiondoa yote.

Nyuzi nazo zimeniletea lawama. Mtu ananunua nyuzi za shaba za gitaa la kawaida kwa sababu ndizo zipo dukani, kisha anasema pikapu yangu haisikii vizuri zile nyuzi nne nene. Pikapu ya sumaku husikia chuma na nikeli. Shaba iliyozungushwa juu ya uzi haiisikii, inaambulia waya wa ndani tu. Waliotengenezewa kwangu nawauzia nyuzi za nikeli kwa bei niliyonunulia.

Yule kaka wa mwanzo tulikubaliana hivi: naziba nafasi za pikapu kwa sprusi ileile, naongeza fito mbili ndani, namwekea pikapu ya kuelea, naye alipie vifaa, kazi ni yangu. Litamfaa kwa kwaya yake ya Jumapili. Kwa ajili ya ukumbini ameagiza jingine la inchi 16, kifua cha tabaka, na safari hii ukurasa wake kwenye daftari una jina la ukumbi, idadi ya spika na mahali anaposimama.

Ukija, njoo na gitaa unalopiga sasa hata kama ni bovu, na usibadilishe nyuzi kabla ya kuja. Nitataka ukae upige nusu saa, niangalie freti zipi zimelika na kucha zako zinagonga wapi. Oda inachukua miezi mitano, theluthi moja ya malipo inatangulia, na anayetaka gitaa mkononi kabla ya Krismasi awe ameshakaa kwenye kile kiti kabla ya Saba Saba.