Kwa mpwa wangu anayetaka kwenda jeshini

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara mbili kabla ya kuzima simu, na nimekaa nao siku tatu bila kujibu kwa sababu jibu lake halienei katika simu. Umeniambia kwamba umekwisha kutoa nakala ya diploma yako ya serikali, kwamba umepiga picha karibu na soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, na kwamba unachotaka kwangu mimi mjomba wako ni kukueleza tu wiki za kwanza zikoje. Nimeamua kukujibu hadharani, bila kutaja jina lako wala mtaa wenu, kwa kuwa najua vijana wengine wa hapa Lubumbashi, Kongo, wa mitaa ya Katuba, ya Ruashi na ya Kampemba, wanalala na swali hilo hilo tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025 na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari.

Sitakukataza. Mimi mwenyewe nilijiandikisha mwaka 1998, nikiwa na miaka 19, vita vilipoanza upya mwezi wa Agosti na vijana wakaitwa kuilinda nchi, na hakuna aliyeweza kunizuia, hata babu yako ambaye alikuwa ameniahidi kunitafutia nafasi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wazee walionizunguka wakati ule walinisimulia vita, kila mmoja na vita vyake. Mafunzo hakuna aliyenisimulia, na mafunzo ndiyo yanayomkuta kijana kwanza.

Utaanza kwa kusubiri. Watu hudhani jeshi ni mbio, lakini somo langu la kwanza lilikuwa kukaa juani na kungoja: kungoja kuandikwa, kungoja daktari asikilize kifua, kungoja lori, kungoja sahani. Wewe pengine utapelekwa Kamina, katika kambi kubwa ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia, au Kitona karibu na bahari ya Atlantiki, au hata Kotakoli huko kaskazini ambako makomando hufunzwa. Mimi nilipelekwa kwingine, na kituo chenyewe sitakitaja. Walionifundisha wengine wako hai, wengine wamekufa, na barua hii si kesi. Nakumbuka tu kwamba ndani ya treni tulikuwa bado watu, kila mmoja na utani wake na mtaa wake, na kwamba siku mbili baada ya kufika, vichwa vyetu vilipokwisha kunyolewa na nguo zetu za nyumbani kufungwa kwenye mfuko, nilimtafuta rafiki niliyesafiri naye nikampita mara tatu bila kumtambua.

Hata jina litapungua. Utaitwa kwa namba, au kwa kasoro yako ya kwanza kuonekana: mimi niliitwa Miwani, ingawa miwani yenyewe ilivunjika wiki ya pili. Usiliombolezee jina. Usingizi ndio utakaouombolezea. Utaamshwa saa kumi ya usiku, siku nyingine saa nane, siku nyingine mara mbili katika usiku mmoja, na hutaelezwa sababu, kwa kuwa kukosekana kwa sababu ndiyo sehemu ya somo: mwili unafundishwa kuinuka kabla akili haijauliza. Ukifika huko katika Juni au Julai, baridi ile unayoijua ya alfajiri ya Lubumbashi utaikuta bila blanketi la mama yako. Ulale na soksi kavu tumboni, ndani ya shati. Asubuhi soksi hizo zitakuwa na joto. Chakula nitakipita haraka: kitakuwa kidogo, maharagwe yatakuwa magumu, na utajifunza kula bukari, ugali wetu, ikiwa ya moto bila kupuliza.

Juu ya miguu lazima nikae kidogo, maana mguu ndio ulionitoa jeshini. Vijana wengi hufika hawajawahi kukimbia hata kilomita tatu mfululizo, wanavishwa buti zisizo za kipimo chao, na kesho yake wanakimbizwa wakiimba. Malengelenge yatakuja, hayo yanapona. Kuna maumivu mengine, yanayokaa mahali pamoja kwenye muundi, yanayozidi ukikanyaga na ambayo hayatulii usiku. Mimi niliyaficha karibu mwezi mzima kwa kuogopa kuitwa mvivu, na siku nilipoyataja niliitwa mvivu vilevile. Daktari alinieleza baadaye, wakati haikusaidia tena, kwamba mfupa unaotwishwa mbio na mizigo kwa ghafla, bila kupewa nafasi ya kujijenga, hupasuka ufa mdogo, na ufa huo usipopumzishwa hukua. Kwa hiyo, ikiwa umeamua kweli, anza leo. Kimbia kidogo, ongeza kidogo kila wiki, na utembee na viatu vizito mpaka ngozi ya kisigino izoee.

Kisha kuna lugha. Sisi wa Lubumbashi tunadhani Kiswahili chetu kinatosha kila mahali, lakini tangu siku za Force Publique ya wakoloni, Lingala ndiyo lugha ya kambi, na amri za gwaride zinatolewa kwa Kifaransa. Wakati wangu Kiswahili kilikuwa kimepanda cheo kidogo, kwa sababu wengi wa wale walioingia mjini na Mzee Kabila, kiongozi wa waasi waliomwangusha Mobutu, mwezi wa Aprili 1997 walikuwa wakikisema. Hata hivyo baadhi ya walimu wetu walikuwa wametoka katika jeshi la Mobutu, na hasira ilipowapanda midomo yao ilirudi kwenye Lingala. Asiyeelewa amri hucheleweshwa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo inatosha kumwadhibisha yeye na wenzake. Jifunze Lingala ya kuhesabu, ya kuomba ruhusa na ya kusema umeelewa. Watakucheka kwa ajili ya bukari, maana wao husema fufu, cheka nao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Adhabu za wiki za kwanza ni za wote. Usiku mmoja kijana wa Mbandaka, aliyelala kitanda cha pili kutoka changu, alipoteza mkanda wake. Tuliruka kichura tukizunguka uwanja mpaka mbingu ikaanza kuwa nyeupe, na kila mzunguko nilimchukia zaidi. Nilipanga maneno nitakayomwambia. Asubuhi nilimkuta ameketi mbele ya sahani yake bila kula, macho chini, na mwenzetu mwingine, ambaye usiku alikuwa ametukana kuliko wote, alikuwa akimsukia mkanda wa kamba. Sikusema yale maneno. Kuanzia siku ile hatukupoteza kitu tena, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na macho ya watu 40. Nakiri kwamba njia ile inafanya kazi. Sijawahi kuwa na marafiki wa namna ile tena, na katika miaka yote niliyofundisha shule sijapata dawa nyingine ya kuwafanya vijana wasiofahamiana wachungane kama ndugu wa tumbo moja.

Lakini njia hiyo hiyo ilitufundisha kunyamaza. Katika wiki ya sita, mmoja wetu alikuwa na homa, na homa ile tuliiona sote, meno yake yakigongana. Mwalimu aliyekuwa zamu alisema anajifanya, akamlaza kwenye dimbwi la maji usiku, ili, kwa maneno yake, moto upoe. Tulikuwa tumesimama mistari minne. Hakuna aliyesema neno, nami nilikuwa mstari wa mbele. Siku ya tatu walimpeleka kwa madaktari, hakurudi tena katika pelotoni yetu, na hatukuuliza alikokwenda. Mbio zote nimezisahau, mpwa wangu. Usiku ule sijausahau.

Nimeutafakari mara nyingi, kwa sababu wenzangu wengine walioutazama usiku uleule husema kwamba jeshi ni hivyo. Mimi sikubaliani nao. Mwalimu anayekukimbiza mpaka utapike, kisha akakupa maji na kukuambia kesho utaongeza kilomita moja, anajenga kitu hata kama unamlaani. Anayemtesa mgonjwa hajengi chochote. Anawafundisha waliosimama kwamba mwenye nguvu ana haki juu ya mwili wa aliye chini yake, na somo hilo halibaki kambini. Wamarekani walifunza batalioni ya 391 ya jeshi letu pale Kisangani mwaka 2010, na mafunzo yale yalisifiwa. Mwezi wa Novemba 2012, jeshi liliporudi nyuma baada ya Goma kuanguka mara ile mikononi mwa M23, askari walibaka wanawake na wasichana katika mji mdogo wa Minova, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliitaja batalioni hiyo miongoni mwa vikosi vilivyohusika. Nawaza sana juu ya wale waliokuwepo Minova na hawakubaka, wakasimama tu. Nadhani nawajua, kwa kuwa nami nilisimama.

Ndiyo maana nakuomba usome Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kabla hujapanda treni, hasa kifungu cha 28, kinachosema kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Sikudanganyi kwamba kurutu wa wiki ya sita ataitaja Katiba mbele ya mwalimu wake akabaki salama. Angeweza, hata hivyo, kwenda kwa ofisa mwingine asubuhi, au kwa muuguzi, au kwa padri wa kambi. Mimi sikwenda popote, kwa sababu halikunijia hata wazo kwamba kuna mahali pa kwenda.

Bunduki itakuja baadaye kuliko unavyofikiri. Sisi tulibeba fimbo kwanza, tukazilinda kama bunduki, na aliyeiacha fimbo yake chini alilala nayo kifuani. Utakapopewa ya kweli utafundishwa kuifungua na kuifunga mpaka mikono ifanye gizani. Shika kanuni mbili: kila bunduki ina risasi hata kama umehakikisha haina, na kidole hakigusi kifyatulio kabla hujaamua kupiga. Ajali niliyoishuhudia ilitoka kwa kijana aliyekuwa akisafisha silaha huku akisimulia mechi ya Mazembe.

Kuna mambo ambayo kwenye tangazo hayaandikwi. Askari hapigi kura katika nchi hii, ingawa kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu. Utakuwa chini ya sheria ya jinai ya kijeshi ya mwaka 2002, na kutoroka ni kosa linalokupeleka mbele ya hakimu wa kijeshi. Hutaweza kuandika barua ya kuacha kazi kama unavyoacha duka. Mwezi wa Machi 2024 serikali iliondoa usitishaji wa hukumu ya kifo uliokuwapo tangu 2003, na ilieleza wazi kwamba ilikuwa ikiwafikiria wasaliti ndani ya jeshi. Na mtu yeyote akikuomba pesa ili jina lako liingie katika orodha, huyo anakuibia, hata akiwa amevaa nyota.

Juu ya mdogo wako, uliyeandika kwamba naye anataka kukufuata: ana miaka 16. Sheria ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto inakataza kumwandikisha, na mimi niliwaona wale kadogo, askari watoto wa 1997, wakipita na buti za mpira, wengine bunduki ikigusa ardhi. Huyo nitamkataza, na wewe utanisaidia.

Limebaki moja. Umeniandikia mimi kwanza, na umeniomba nimwandae dada yangu polepole. Mama yako hasomi mambo ya intaneti, kwa hiyo barua hii haitamfikia, nami sitamfikishia habari yako. Mwaka 1998 mimi niliondoka alfajiri na kumwachia jirani ujumbe. Mama yangu alizipata habari kisimani, mbele ya watu, na ndoo mkononi. Jumapili nitakuwa kwenu mchana kutwa. Atakuwa amepika sombe, majani ya muhogo. Mwambie mimi nikiwepo, ukipenda, lakini mwambie wewe.

Mjomba wako,
Lubumbashi