Lenzi situmi, lakini nisikilize

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mie sijambo, kazi ipo, baridi ndiyo hivyo tena, tuyaache. Ujumbe wako wa pesa ya lenzi nimeupata, na ule wa pili uliompitishia Shangazi ili nione haya. Haya nimeona, pesa situmi.

Kwanza kamera yenyewe iko wapi? Nasikia Baba Mdogo anapigia picha za harusi na hela anatia mfukoni. Siku naileta nilisema mbele ya watu wote, naye akiwapo: hii ni ya huyu na ndege wake. Leo amesahau! Mwambie airudishe, la sivyo nitampigia mwenyewe, na ananijua.

Halafu hiyo lenzi ya milimita 400 inakutosha. Kinachokuangusha ni kuwafuata ndege. Kitwitwi, hao ndege wa pwani wanaokula matopeni, hafuatwi. Maji yakipwa wanatawanyika mbali huko matopeni, ukipiga hatua moja wao wameruka. Wewe nenda maji yanapojaa, saa mbili hivi kabla hayajafika juu. Lala kifudifudi, jua likiwa mgongoni, kamera ikiegemea mfuko wa mchanga, ulenge jicho la ndege. Tulia hapo hapo. Maji ndiyo yatakayowasukuma kwako, na siku za bamvua, maji yanapojaa sana, wanasogea zaidi. Siku za maji mafu, yasipojaa sana, sehemu kubwa ya matope inabaki wazi, kwa nini wakukaribie?

Wakiacha kula na kuinua shingo wote kwa pamoja, ujue umeshawakera, usijongee tena. Na maji yakishajaa wakajikusanya kupumzika, waache kabisa. Yale mafuta mwilini ndiyo nauli yao. Mwaka 2022 mwenzao mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Halafu wewe umrushe bure kwa ajili ya picha?

Sasa niache nijisifu, maana huku hakuna wa kunisifu. Nyuma ya ninapoishi, mwendo wa miguu tu, mto unaingia baharini. Nilimpata ndege sululu pale kamkamata kaa kwa ncha ya ule mdomo wake uliopinda, anamkung'uta mpaka miguu ya kaa inang'oka mmoja mmoja, kisha akameza kiwiliwili. Picha imetoka safi hata herufi za pete aliyovishwa mguuni ili atambulike zinasomeka. Nikazituma kwa wanaotunza kumbukumbu za pete hizo. Jibu likaja: kumbe ndege yule ameijua pwani hii kabla yangu! Nimeichapisha, imejaa ukuta mzima. Muulize Shangazi, nilimtumia.

Lakini kwa wale kitwitwi wadogo wenye tumbo la rangi ya kutu nakuonea wivu. Huko kwenu wanaanza kubadilika rangi mwezi wa tatu, wekundu na wapya kabisa, kabla hawajaondoka kwenda kuzaa kaskazini. Mie wananifikia wakirudi, manyoya yamechakaa, wanapita haraka, nao watakuwa huko muda mrefu kabla yangu. Likizo nimeambiwa mwakani. Nimezoea.

Basi kamera ikirudi, ifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, maana sijui Baba Mdogo ameipitisha wapi. Nitumie picha kabla hujazikata. Za kupiga umesimama sizitaki, nitazijua.

Dada yako